Mwalimu wa nasaba za Wayahudi, Brooklyn: nyota nne, ya tano imeliwa na slaidi

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Sifa za Kiingereza huyu mama anazo kibao na zote ni za kumpamba kama MC wa harusini, hamna anayekwambia kwamba viti vya ukumbi vinaumiza mgongo, wala kwamba mzee wako akija bila miwani umepoteza siku. Mi ntasema yote. Jina la mwalimu nalibana, hajanituma nimtangaze, na bibi ninayemtunza nae simtaji, ila yeye na mwanae wamenipa ruhusa ya kusimulia, bibi kasema kabisa waambie, ila usiseme nilikosea. Alikosea.

Sa mtoto wa Tanga nimefikaje kwenye nasaba za Wayahudi? Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Brooklyn, mwaka wa saba huu, na bibi niliye nae ana miaka 92, kichwa kinafanya kazi kuliko changu, miguu ndo imegoma. Ana kopo la bati la biskuti kwenye droo ya pembeni ya kitanda, ndani kuna makaratasi ya wazazi wake, picha mbili zimegeuka kahawia na bahasha moja ina stempu ya Poland. Mwanae, nae mzee tayari ana sitini na kitu, kaona tangazo maktaba ya mtaa kwamba kuna mhadhiri anafundisha namna ya kutafuta wazee waliokuja Marekani na meli, hasa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ila Waitaliano na wengine wote wanakaribishwa. Mhadhara wa kwanza bure, kozi yenyewe vikao vinne dola 120, na msindikizaji wa mzee halipi. Msindikizaji ndo mimi. Nikajua naenda kusinzia huku nalipwa, nikasema sawa twende, ila kusinzia kwenyewe nafasi sikupata.

Mwalimu ni mama mtu mzima, mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, ana chupa ya chai mezani na haigusi mpaka ipoe kabisa. Hakuanza na habari za kasoma wapi. Kauliza tu: nani hapa jina la ukoo wake lilikatwa na karani wa Ellis Island, kile kisiwa cha bandari ya New York walipokuwa wanapokelewa wahamiaji? Mikono ikapanda nusu ya ukumbi, bibi yangu kapandisha yote miwili. Akasema haya shusheni, halijakatwa hata moja. We! Ukumbi ulivyochafuka, mzee mmoja nyuma kasimama na mkongojo wake, baba yangu aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake! Mama akamjibu kwa heshima tu, sijasema baba yako mwongo, nasema tutafute karatasi.

Afu akaeleza, na hapa ndo nilianza kumkubali maana anaeleza kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Ellis Island ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892 ikaja kufungwa 1954, wakapita hapo watu kama milioni 12, siku moja tu ya tarehe 17 Aprili 1907 walipita watu 11,747. Karani wa pale alikuwa hamuulizi mtu jina akaliandika anavyolisikia, mezani alikuwa na orodha ya abiria ambayo watu wa kampuni ya meli walishaiandika kule kule bandarini Ulaya, Hamburg, Bremen, Rotterdam, yeye kazi yake kuita na kuhakiki. Na lugha haikuwa shida kihivyo, wakalimani walikuwepo, hata La Guardia, yule aliyekuja kuwa meya wa New York mpaka uwanja wa ndege ukapewa jina lake, alipiga kazi ya ukalimani pale kisiwani na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, alikuwa anakiongea. Majina walibadilisha wenyewe, baadae, huku mtaani. Kwa sababu bosi ulimi unamgoma, kwa sababu mtoto anachekwa shule, kwa sababu matangazo ya kazi mengine yalikuwa yanasema Myahudi asisumbuke kuja.

Bibi akanigeukia akaninong'oneza, mnong'ono wa kusikika mpaka mlangoni, huyu mwanamke baba yangu hamjui.

Kwaiyo tukalipia kozi. Yaani bibi kalipia ili aje kumshinda.

Kikao cha kwanza tulienda na kopo. Mwalimu ana utaratibu mmoja na hauvunji hata umpigie magoti, huanzi Ulaya. Watu wote wanakuja wanataka wapelekwe moja kwa moja kijijini kwa babu wa babu, yeye anawarudisha New York. Unaanza na mzee aliye hai na karatasi zilizo ndani ya nyumba, afu cheti cha kifo na kaburi, unapanda kwenye sensa, na sensa ya 1920 inakwambia mtu kaingia nchini mwaka gani na uraia kapata mwaka gani. Ukishakuwa na mwaka wa uraia unatafuta fomu yake ya maombi ya uraia, na kama aliomba baada ya sheria ya 1906 basi hiyo fomu imeshiba, meli gani, tarehe gani, kazaliwa mji gani, mke nani, watoto wangapi. Ukiwa na meli na tarehe mkononi ndo unaenda kwenye orodha ya abiria, hapo huhangaiki tena na akina Cohen elfu moja. Sensa ya 1890 akasema sahauni, karibu yote imepotea, iliharibiwa na moto wa Washington mwaka 1921. Na bibi zenu walioolewa kabla ya 1922 msijichoshe kutafuta fomu zao, mara nyingi hamna, mke alikuwa anapata uraia kwa mgongo wa mume.

Mi nilikuwa naandika kila kitu nyuma ya karatasi ya ratiba ya dawa za bibi.

Mwanae akaagiza fomu ya babu yake kutoka nyaraka za taifa, ile ofisi ya Bowling Green kule chini kabisa Manhattan. Ilivyokuja akaichapa kubwa saizi ya gazeti akailaza juu ya meza ya jikoni. Fomu ya 1919. Juu kuna jina refu la zamani, herufi kumi na moja, z na w zimebanana katikati. Chini kuna mstari umeongezwa kwa taipureta, mwombaji anaiomba mahakama imbadilishie jina liwe hili, na hapo ndo linakuja lile fupi la herufi nne ambalo bibi kazaliwa nalo. Sheria ilikuwa inamruhusu jaji abadilishe hapo hapo anapokupa uraia. Na chini ya yote kuna sahihi kwa lile jina la zamani, herufi za mwanzo zimesimama kama askari wa gwaride, kufika katikati zimeanza kuegemeana, unaona kabisa ni mtu aliyezoea kuandika kutoka kulia, huku kwingine kajifunzia ukubwani. Bibi akaweka lenzi yake juu ya sahihi akaisogeza taratibu mpaka mwisho akarudi nayo. Akasema hii z ni yake, alikuwa anaiandika hivi hivi na mkia kwenye daftari la madeni ya bucha. Akakaa. Kwaiyo alijikata mwenyewe, akasema. Afu akaagiza chai, akaniambia leo weka sukari, sikuzote mi ndo namkataza.

Hapo kwangu mwalimu alishamaliza kazi, hata angeishia hapo hela imerudi.

Kikao cha pili kilikuwa cha meli na miji na ndo nilichokipenda kuliko vyote. Alitupa siri moja ya bure ambayo naona wengi wanaikosa: orodha za abiria kuanzia mwaka 1907 hivi zina kurasa mbili kwa kila msafiri, ya kushoto na ya kulia, watu wanapakua ya kushoto wanaondoka wakishangilia, kumbe kulia ndo kuna anaenda kwa nani, mtaa gani, mfukoni ana dola ngapi. Baba yake bibi alikuja 1911 na meli ya kutoka Rotterdam, umri 19, fundi cherehani, kwenye safu ya kabila wameandika Mwebrania, ana dola 14, anaenda kwa shemeji yake Rivington Street. Na kuna safu ya jamaa wa karibu aliyeachwa nyuma, hapo ndo tukalipata jina la babu yake bibi kwa mara ya kwanza, bibi 92 hajawahi kulisikia.

Kulia huko huko kuna maswali ya serikali. Umewahi kufungwa? Wewe ni anakisti? Una wake wengi? Mi nikacheka peke yangu ukumbi mzima ukanigeukia. Sa babu yangu na wake zake wawili pale angepita wapi, angerudishwa na meli ile ile. Mwalimu akaniuliza nacheka nini nikamwambia, akacheka nae mpaka akashika meza, akasema alikuwa adanganye kama wengine.

Afu akatuonyesha picha, watu wamepanga foleni na makoti mazito, kila mmoja kifuani kabandikwa kikaratasi chenye namba, namba ya ukurasa wake na mstari wake kwenye orodha ya meli. Hapo nikanyamaza. Babu yangu huyo huyo wa wake wawili alikuja Tanga kutoka Kigoma na treni kwenda kukata mkonge, na wale watu Tanga mzima inajua walikuwa wanaitwaje. Manamba. Ntarudi kwa babu.

Kingine ni mji. Familia nzima miaka yote inajua wazee wametoka Minsk. Mwanae bibi mpaka alishawahi kwenda Minsk kupiga picha! Karatasi inasema Pinsk. Herufi moja hiyo, na mwalimu akaeleza hata haikuwa uongo, Pinsk enzi hizo ilikuwa ndani ya jimbo la Minsk, mtu wa kijijini akiulizwa anataja kubwa ili aeleweke, kama mtu wa Muheza akiwa Dar anavyosema natoka Tanga. Nchi nazo usiziamini. Sensa ya 1920 baba yake bibi kazaliwa Urusi, sensa ya 1930 mtu yule yule kazaliwa Poland, leo ukienda unaingia kwa viza ya Belarus. Mji haujasogea hata hatua, mipaka ndo ilikuwa inatembea. Mi hilo halikunisumbua, sie tuna Elisabethville ya Kongo ikawa Lubumbashi, ila Wamarekani pale walikuwa wanashika vichwa.

Na Elisabethville sijaitaja bure. Kuna mzee anakaaga safu ya pili na kofia ya kapelo, kikao cha tatu kasikia nasema na mdogo wangu kwenye simu, kanijia, "Jambo mama, habari gani?" Nikashtuka! Kumbe kazaliwa Elisabethville, wazazi wake Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kule Ugiriki. Walihamia wengi Kongo miaka ya Mbelgiji, biashara ya vitambaa na mahitaji, nyumbani wanaongea Ladino, yaani Kihispania cha Wayahudi, dukani Kiswahili, na sinagogi lao la Lubumbashi lipo mpaka leo. Waliobaki kisiwani Wajerumani waliwasomba Julai 1944 wakawapeleka Auschwitz, ile kambi ya kuulia watu. Kiswahili chake kimechakaa lakini kuhesabu anahesabu mpaka mia na kukataa bei anajua.

Huyu mzee na bibi yangu walikosana kikao cha tatu, kikao cha majina. Mwalimu kaeleza kwamba Wayahudi wa Ulaya Mashariki mtoto wanampa jina la ndugu aliyekufa, kumpa jina la aliye hai ni kama kumchulia, wakati wale wa upande wa Rhodes, Uturuki, wanamwita mtoto jina la babu akiwa hai na anakaa pembeni anafurahi. Kwaiyo ukiona kwenye karatasi babu na mjukuu wana jina moja na wote wako hai, ujue unaangalia familia ya upande gani. Bibi akasema kwa sauti huo ni uchuro. Mzee akamjibu kwetu ni heshima. Mimi nawaza Wakikuyu wangecheka, kwao mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba lishamsubiri kabla hajazaliwa. Mwalimu aliwaacha wabishane dakika tano nzima, na kiukweli zilikuwa dakika nzuri.

Kingine kwenye majina, mtu mmoja ana majina matatu na yote sahihi. La Kiebrania la kuitiwa sinagogini, la Kiyidi la nyumbani, la Kimarekani la kazini. Na ya Kiebrania na Kiyidi yanaenda kwa jozi, Aryeh Leib yote mawili ni simba, Dov Ber yote ni dubu, Zev Wolf ni mbwa mwitu. Akifika New York Leib anageuka Louis. Ukitafuta Louis kwenye vitabu vya Pinsk utazeeka. Na majina ya ukoo yenyewe si ya kale hivyo, Austria iliwalazimisha Wayahudi wawe nayo 1787, Urusi 1804, kabla ya hapo wengi walikuwa fulani mwana wa fulani basi.

Na huyo fulani mwana wa fulani hajafa, yuko makaburini. Jiwe la Kiyahudi kwa Kiingereza linakupa jina na miaka, ila Kiebrania ndo kinakupa baba wa marehemu. Mwalimu kaandika ubaoni, ben maana yake mwana wa, bat ni binti wa. Nikamwambia sie tunasema bin na binti. Akasimama, akasema sema tena. Nikasema tena, fulani bin fulani, fulani binti fulani, bibi zetu wote Tanga ndo wanavyoitwa. Akamwomba mtu afungue dirisha, sijui kwa nini, akarudi akaniambia wewe robo ya Kiebrania cha makaburi unakijua tayari. Nilitamba wiki nzima. Alama nazo alitupa, mikono miwili imekunjuliwa vidole ni ukoo wa makuhani, birika la maji ni Walawi, na zile herufi mbili juu ya jiwe zinamaanisha hapa amezikwa.

Jumapili mi, bibi na mwanae tukaenda makaburini Queens kujaribu. Usiende ukidhani watu wamezikwa kiukoo kama kwetu, wamezikwa kimji. Kuna mageti ya mawe yana jina la mji juu, ndani yake watu wa mji ule. Vile vilikuwa vyama, wanaviita landsmanshaft, watu waliotoka sehemu moja wanachanga kila mwezi, ukiumwa wanakupa daktari, ukifa kaburi lipo tayari. Yaani chama cha kuzikana kabisa, mtunza hazina, katibu na kugombana kwenye mikutano, mwalimu anasema kumbukumbu zao nyingi ziko YIVO, taasisi inayotunza nyaraka za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, pale kituo cha historia ya Wayahudi West 16th Street Manhattan, na humo ndani kuna dawati la nasaba unaingia bure. Tulilipata kaburi la baba yake bibi na nikasoma mwenyewe, kwa kidole, herufi kwa herufi nikiangalia karatasi ya mwalimu: Tsvi Hirsh ben. Na baada ya ben jina lile lile la kwenye orodha ya meli. Bibi akaweka kijiwe juu ya kaburi, wao hawaweki maua.

Haya sa lawama.

Slaidi. Jamani slaidi. Huyu mama anajaza slaidi moja maneno kama katiba ya nchi, maandishi ya punje ya ulezi, na ukumbi umejaa watu wa miaka themanini. Anasema msijali ntawatumia kwa barua pepe, afu kuzituma wiki mbili. Pili, muda. Kikao cha saa moja na nusu kinaenda saa mbili na robo, usafiri wa wazee unasubiri nje dereva anapiga honi, kuna siku tuliachwa nikamrudisha bibi kwa teksi dola 31 mfukoni mwangu, mwanae alinirudishia ila hilo sio hoja.

Tatu, nusu ya kwanza ya kikao cha nne ilikuwa ya DNA na hapo alitupoteza wote. Nilichoambulia ni kimoja, Wayahudi wa Ulaya Mashariki walioana wenyewe kwa wenyewe karne nyingi kwaiyo kipimo kinamletea kila mtu maelfu ya ndugu, kinasema huyu binamu wa tatu kumbe ni wa mbali huko, undugu mdogo mdogo wa pande nyingi umejumlishwa. Hicho nilikielewa dakika ya kumi, dakika arobaini zilizobaki alikuwa anaongea na mtu mmoja tu wa mbele mwenye laptop.

Ila alipokuwa na haki ya kuongea haraka hakuongea haraka. Ile bahasha ya stempu ya Poland ilikuwa ya shangazi yake bibi, dada wa baba, alibaki Pinsk. Nusu ya pili ya kikao cha nne mwalimu anaonyesha kanzidata ya majina ya Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, kule Jerusalem, zile fomu za ushahidi ambazo ndugu waliosalia walijaza kwa mkono kwa ajili ya waliouawa. Kabla hajagusa kompyuta anamfuata kila mzee kwenye kiti chake anamuuliza kwa sauti ya chini, unataka tuangalie leo, au siku nyingine, au usiangalie kabisa? Wawili walikataa na hakuna aliyewaangalia. Bibi akasema leo. Mwalimu akaandika jina, na hapa ndo nikaelewa kwa nini kikao cha pili alituchosha na ile mbinu ya kutafuta kwa sauti ya jina badala ya herufi, inaitwa Daitch-Mokotoff, imetengenezwa 1985 kwa ajili ya majina ya Kiyahudi na Kislavi, maana jina moja Mpolandi anaandika hivi, Mrusi vile, Mjerumani vingine. Kama Juma wa Ujiji na Djuma wa Bujumbura, ukitafuta kwa herufi ndugu hawaonani. Kwa herufi lile jina halikutoka. Kwa sauti likatoka. Fomu ya Kiebrania, imejazwa na mtu wa Haifa, shangazi, mumewe, watoto watatu, Pinsk. Ghetto ya Pinsk, mtaa Wajerumani waliowafungia Wayahudi, ilimalizwa kwa kuua watu wake mwisho wa Oktoba 1942. Mwalimu hakusema neno la faraja hata moja, alisogeza kiti akakaa ubavuni kwa bibi na wakasoma majina ya wale watoto mmoja mmoja, bibi anarudia. Afu akamwonyesha chini ya fomu, jina la aliyejaza na undugu wake, akasema huyu ndo wa kutafuta, huyu alikuwa na watoto.

Mwanae kashaandika barua Haifa. Tunasubiri.

Kwa upande wa hela, kozi dola 120 mi naona ni halali. Ushauri wa peke yako anachaji dola 90 kwa saa na hapo fikiria vizuri, maana kwa vitu vingi atakupeleka kwenye kompyuta ile ile ambayo kashakufundisha kuifungua bure. Tovuti za nasaba zipo, JewishGen ukijisajili ni bure, FamilySearch bure, vyeti vya zamani vya ndoa na vifo vya jiji la New York viko mtandaoni bure tangu 2022, na cheti cha ndoa kina jina la mama wa bibi harusi na ukoo aliozaliwa nao, hapo ndo tulipata upande wa mama yake bibi bila kulipa senti. Mlipe kama umekwama kusoma mwandiko wa Kirusi, hapo anakufaa, hata kalamu ya karani aliyekuwa na haraka anaisoma.

Na kitu kingine kilichonifanya nimpe nyota nne badala ya tatu, ni mkweli. Siku ya mwisho nikamfuata nikamuuliza na mimi je, babu yangu, Kigoma mpaka Tanga, mkonge, nianzie wapi, niko tayari kulipa hizo 90. Akasema hela yako kaa nayo, nyaraka za Tanganyika mi sizijui na ntakudanganya. Afu akaniuliza, huwa tunaanza na nini? Nikamjibu kama mwanafunzi, na mtu mzee aliye hai na karatasi iliyo ndani ya nyumba. Akasema haya.

Nikampigia mama usiku, kule Tanga ni asubuhi. Shikamoo, marahaba, wazima, wazima. Nikamuuliza mama, babu alikuwa anaitwa nani bin nani?

Kimya. Afu: "Kakutuma nani? Baba yako mdogo? Lile shamba la Muheza lishagawanywa na mimi sitaki maneno."

Nikamwapia kwamba shamba silitaki, nataka jina tu. Ilichukua vocha mbili. Mwishoni akalegea, akasema jina la babu yenu la kwao huko lilikuwa refu, refu kweli, hili mnalotumia nyie si lenyewe, alipofika kambini pale Tanga karani wa mkonge ndo alilikata.

Nikamwambia mama, pole pole, hilo la karani, kuna karatasi yoyote?

"Karatasi ya nini? Si nimekwambia mimi."